Kisauni ni Rahisi? Piga Hesabu na Nauli

Tarehe 14 mwezi huu jirani yangu wa Majengo alikuta karatasi imesukumwa chini ya mlango. Haina muhuri, haina sahihi. Inasema kuanzia tarehe mosi mwezi ujao kodi ya vyumba vyake viwili na choo cha ndani itakuwa shilingi 13,000. Hadi leo analipa 9,500. Asiyeweza, karatasi yasema, aachie nyumba kwa amani. Hilo neno amani ndilo lililoniuma zaidi.

Habari ikafika barazani, na kila aliyepita alikuwa na jibu lile lile. Si uhame, mama? Kisauni nyumba ni bure. Likoni ndio kabisa. Kijana mmoja akatoa simu akamwonyesha picha za nyumba za Mtwapa, zina vigae na kabati za jikoni. Mama akazitazama zote, asiseme kitu. Kisha akauliza swali moja tu: "Na mimi saa kumi na moja alfajiri nitafikaje kazini?"

Mama huyu hufanya usafi katika ofisi moja mjini. Mumewe yuko nje ya Mombasa kwa kazi za mjengo, hutuma akipata. Wana watoto wawili wa sekondari ya kutwa hapa kisiwani, na mdogo wa tatu anayebaki na bibi yake nyumba ya pili. Swali lake ndilo limenifanya niandike, maana sisi watu wa Mombasa twapenda kulinganisha kodi kama tunavyolinganisha bei ya sukari, duka hili na lile. Sukari waibeba ukaenda nayo. Nyumba yakufunga na barabara, na shule, na mtungi wa maji, na kivuko.

Basi Jumamosi na Jumapili tukazunguka, mimi, mama, na binti yake wa kidato cha tatu aliyekuwa akiandika kwenye daftari. Bei ninazotaja hapa ni tulizoambiwa mlangoni na wenye nyumba na mabroka. Si utafiti wa chuo kikuu, na wewe unayeishi huko ukiona tumepunjwa au tumepunja, tusahihishe.

Kisiwani kwanza. Majengo, King'orani, Sparki: chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili, choo cha pamoja uani, ni 4,000 hadi 5,000. Flati ya chumba kimoja cha kulala na sebule, katika yale maghorofa yanayoota kila palipobomolewa nyumba ya zamani, ni 14,000 hadi 18,000. Ukisogea Tudor vyumba viwili vya kulala vyaenda 25,000, na ukitaka lifti na maji ya uhakika waongeza. Kizingo hatukufika. Miguu ilikuwa imechoka, na mfuko haukuwa na shughuli huko.

Ukivuka daraja la Nyali utakuta miji miwili iliyopewa jina moja. Upande wa bahari, vyumba viwili ni 45,000, 60,000 na kuendelea, na nyingi siku hizi hazikodishwi kwa mwezi. Zimetiwa samani, zinakodishwa kwa usiku kwa wageni wanaoshuka na treni Ijumaa na kurudi Nairobi Jumapili. Mwenye nyumba akiona wikendi moja yampa robo ya kodi ya mwezi, mpangaji wa mwaka mzima wa nini? Sasa ingia Kongowea na Ziwa la Ng'ombe. Hapo chumba ni 3,000 au 3,500. Ni mwendo wa miguu kutoka geti lenye walinzi hadi mlango wa mabati, na kodi yazidiana mara kumi na tano. Na wodi hizo zote ziko eneo bunge la Nyali! Kwa hivyo mtu akikwambia wastani wa kodi ya Nyali ni kiasi fulani, muulize ni Nyali ya nani.

Ndani zaidi, Mtopanga na Kisauni, vyumba viwili na choo cha ndani, kama alivyonavyo mama, tuliambiwa 6,500 hadi 8,000. Mtwapa ni kaunti ya Kilifi kwenye karatasi, lakini simama darajani asubuhi uone matatu zaelekea wapi. Huko bedsita ni 6,000 hadi 8,000, vyumba viwili vya kulala 15,000 na zaidi. Zile picha za simu, kwa njia, zilikuwa za nyumba iliyokwisha kodishwa. Broka alitaka shilingi 1,000 ya kutuonyesha nyingine. Tukamshukuru.

Magharibi, kuanzia Changamwe hadi Mikindani na Miritini, bedsita ni 5,000 hadi 7,000. Kodi ya huko hufuata mzigo wa bandari. Reli mpya ilianza 2017, na mwaka 2019 likaja agizo la kusafirisha kontena kwa reli, na wenye ploti watakwambia wenyewe jinsi madereva, matanboi na makuli walivyohama wakaacha vyumba vitupu. Agizo likaondolewa Septemba 2022, na kodi ikaanza tena kupanda taratibu. Hapo waona kwamba uamuzi wa Nairobi kuhusu kontena waweza kushusha au kupandisha kodi ya chumba Changamwe, na mpangaji hakuulizwa popote.

Likoni ndiko tulikosikia bei ya chini kabisa: chumba kimoja 2,500, kuta za udongo, choo cha shimo, maji hakuna. Vyumba viwili vizuri, 5,500. Naomba uikumbuke hiyo 2,500. Nitairudia.

Jioni ya Jumapili tukakaa barazani na daftari. Tulinganishe Majengo ya 13,000 na Mtopanga ya 6,500. Machoni ameokoa 6,500 kila mwezi. Haya, nauli. Mama afanya kazi siku 26, watoto wawili waenda shule siku 22. Nauli ya kawaida tuifanye 50 kwenda na 50 kurudi. Mama peke yake ni 2,600. Watoto ni 4,400. Jumla 7,000. Tayari nauli imekula akiba yote na kudai mia tano juu! Na hiyo ni nauli ya siku tulivu. Mvua ikinyesha, au foleni ikifika Lights, makanga hawaitaji hamsini, wanataja themanini, mia, na wewe wapanda kwa sababu giza linaingia.

Binti akasema basi wao watembee. Mamake akamtazama tu.

Halafu maji. Ndugu zangu wa Mombasa hili hamhitaji kuelezwa. Mfereji ukikauka, mtungi wa lita 20 kwa mkokoteni ni 20 hadi 50, kutegemea mtaa na kutegemea huruma ya mwenye mkokoteni. Familia ya watu wanne ikitumia mitungi mitano kwa siku, kwa bei ya chini kabisa, ni 3,000 kwa mwezi. Kisima cha ploti kipo, lakini ni maji ya chumvi, ya kufulia na kuogea, hayapiki chai. Katika nyumba kumi na moja tulizoingia, mbili tu mwenye nyumba aliweza kufungua mfereji mbele yetu ukatoka maji matamu. Nawashauri mnaohama mfungue mfereji kabla hamjaangalia vigae. Na muulize stima ni mita yenu ya tokeni au mwagawana na ploti nzima, maanake wako watu wanaolipia friji ya jirani bila kujua.

Likoni hesabu yake ni nyingine. Feri kwa miguu ni bure, hilo kweli latusaidia, na kwenye daftari Likoni ilishinda. Lakini gharama ya Likoni hailipwi kwa shilingi. Yalipwa kwa kuamka saa kumi, kusimama kwenye umati, kuchelewa kazini na kukatwa mshahara siku feri moja ikiharibika. Na watu wa rika letu hatujasahau Mtongwe, Aprili 1994, watu 272. Mama alisema wazi, watoto wake hawavuki maji kila siku gizani. Hakuna aliyembishia.

Iko gharama moja pia ambayo binti hakujua aiandike safu gani. Kijana wa kiume akihamia baadhi ya mitaa ya Kisauni au Likoni, anwani yake yamfuata. Msako ukija, huanza huko. Akiomba kazi ya ulinzi, huulizwa waishi wapi, na jibu laweza kumkosesha. Upande wa pili, ukitafuta flati Tudor au Nyali, wako wenye nyumba wanaouliza jina la baba, kabila, watoto ni wangapi, ndipo wakumbuke kwamba nyumba imeshachukuliwa. Katiba, kifungu cha 27, yakataza mtu kumbagua mwenzake kwa dini au kabila, si serikali peke yake. Wengi wetu hunyamaza tukaenda kutafuta kwingine, na ndiyo maana mchezo waendelea.

Sasa kwa nini kisiwani kodi yapanda hivi? Wengine wasema ni watu kuwa wengi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa, na ardhi haijaongezeka. Hilo kweli. Lakini Majengo iko sababu ya kwetu wenyewe: nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi ni mmoja, mwenye nyumba ni mwingine anayemlipa kodi ya kiwanja, na ndani mna mpangaji anayemlipa mwenye nyumba. Mambo haya yana mizizi tangu sheria ya hati za ardhi ya Pwani ya 1908. Kwa miaka mingi mpango huo, pamoja na dhuluma zake, uliweka kodi chini, kwa sababu hakuna aliyethubutu kujenga ghorofa juu ya ardhi isiyo yake. Mwenye ardhi akishauza, mwenye nyumba aambiwa ang'oe mabati na milango yake aondoke, wakati mwingine kwa fidia ndogo. Mpangaji hatajwi kabisa. Miezi kumi na minane baadaye pale pasimama ghorofa sita, na mwenye ghorofa hana sababu ya kumrudishia mtu wa 4,000.

Serikali nayo haikupunguza moto. Nyumba za kaunti za Buxton zilivunjwa, na zilizopanda mahali pake ni za kuuzwa. Mwenye pesa ya kununua nyumba hakuwa akiishi Buxton ya zamani.

Niwe mwadilifu kwa wenye nyumba. Wengi wa mji huu si matajiri. Ni wajane na wazee wanaoishi kwa vyumba vinne vya urithi, na saruji na fundi wamepanda bei kwao pia. Mmoja wa King'orani alituketisha, akatupa kahawa, akatufungulia daftari lake la deni: wapangaji watatu hawajalipa tangu miezi minne, na hajawafukuza. Simwekei yeye kundi moja na mwenye karatasi isiyo na sahihi. Lakini wale wanaosema wapandisha kwa sababu ya KRA watafute sababu nyingine. Kodi ya mapato ya nyumba za kukaa ilishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 tangu Januari 2024. Je, kuna mpangaji aliyeshushiwa siku hiyo? Mimi simjui.

Twende kwenye sheria, na hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Kenya tuna Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296. Ina jopo lake, na jopo lina nguvu za kweli: laweza kupanga kodi ya haki, na mwenye nyumba hawezi kukupandishia wala kukutoa hivi hivi. Kasoro ni moja. Sheria hiyo yawalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Na kodi hiyo ya kawaida huanza kupimwa kwa bei ya tarehe 1 Januari 1981. Nimeandika sawa, 1981.

Katika mzunguko wetu wote, chumba cha 2,500 kilikuwa kimoja, kile cha udongo cha Likoni. Maana yake ni kwamba mlango wa jopo uko wazi kwa mtu mmoja, na jirani yangu wa 9,500, na wewe wa 6,000 wa Mikindani, mmefungiwa nje. Miswada ya kubadilisha imewahi kupelekwa bungeni, ikakaa, ikafa. Wabunge wengi ni wenye nyumba za kupangisha. Sisemi zaidi.

Upande wa mshahara nako kuna nambari ya kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Kwa agizo lililoanza Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa usafi katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu ni shilingi 16,113.75. Juu yake mwajiri asiyempa nyumba aongeze asilimia 15 ya marupurupu ya nyumba. Piga hesabu: 2,417. Hiyo ndiyo pesa ambayo serikali yaona yatosha kupanga nyumba Mombasa. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa karibu na kazi, au alipe pesa za kutosha kuipata. Katika mji ambapo chumba cha choo cha uani ni 4,000, hiyo 2,417 yatosha nini? Na katika mshahara huo huo mama akatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba nafuu, kama shilingi 278 kila mwezi, kwa nyumba ambayo hajui itajengwa wapi wala kama ataipata.

Tunachotaka si kwamba kodi ishuke kwa kelele. Bunge lipandishe ile 2,500 ifikie kodi ambazo watu wa kawaida wanalipa leo, na liweke njia ya kuipitia kila baada ya miaka michache ili isije ikaganda tena miaka arobaini. Kaunti nayo, kwa kuwa nyumba ni jukumu lake kikatiba, itoe bei za kodi kwa kila wodi, zote 30, kila robo mwaka. KNBS hutoa bei kila mwezi, lakini zile ni wastani wa nchi. Kampuni za nyumba hutoa takwimu zao, lakini ni za Westlands na Kilimani na Kitengela. Mtu wa Majengo akiambiwa 13,000 ndiyo bei ya soko hana cha kujibu, kwa sababu soko hilo hakuna aliyelipima. Wodi ina msimamizi, ana ofisi na wafanyakazi. Kuuliza bei za vyumba mia moja si kazi ya kuomba mkopo wa Benki ya Dunia.

Na sisi wapangaji tuache uzembe mmoja. Tulipomuuliza mama risiti zake, alikuwa nazo za miezi mitano katika miaka sita. Zilizobaki alilipa mkononi. Lipa kwa M-Pesa, hifadhi ujumbe. Andikianeni mkataba hata wa ukurasa mmoja. Na mjue kwamba upangaji wa mwezi kwa mwezi, kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, hauvunjwi ila kwa notisi isiyopungua mwezi mzima. Karatasi ya tarehe 14 inayomtaka mtu aondoke tarehe mosi haitoshi. Kumwambia mtu lipa 13,000 au ondoka ni kumpa notisi ya kuondoka kwa jina jingine. Na mwenye nyumba kuja na kufuli lake, au kung'oa bati, au kukata maji ili utoke, hilo halina sheria inayomruhusu. Ukifanyiwa, piga picha, uende polisi, upewe nambari ya OB, kisha utafute wakili au ofisi za msaada wa kisheria.

Mama ameamua kutohama kwa sasa. Ploti yao ina wapangaji wanane, na wote walipata karatasi ile ile, ila kila mmoja alikuwa akidhani ni yeye peke yake. Wamemwandikia mwenye nyumba barua moja yenye sahihi nane, kwa heshima, kwamba wako tayari kuzungumzia 10,500 kuanzia mwezi wa tatu kutoka sasa, na wataka kujua tangi la juu litatengenezwa lini. Amejibu kwamba atakuja Jumapili saa nne asubuhi. Wanane hao waje na risiti walizonazo, hata kama ni tano. Na majirani wa ploti za pili mliopata karatasi kama hiyo, baraza yetu ina nafasi.